Mheshimiwa wa Kopo la Maziwa

Mama Pipi aliomba pasi. Alitaka pasi nzito ya umeme, yenye uso unaoteleza, ya kunyooshea mapindo ya nguo za watu, na alimwambia mumewe mara tatu, mara ya tatu kwa kumwandikia kwenye karatasi. Mumewe alikuwa dereva wa lori la masafa marefu, mtu mpole asiyejua kubishana wala kusikiliza. Akaenda wiki tatu. Akarudi amekumbatia kopo la maziwa ya unga, limejaa udongo, na katikati ya udongo kimesimama kitu chenye majani mawili.

"Pasi iko wapi?"

"Huu ni mche wa mangostini," akasema mume, uso unamng'aa kama aliyeleta pasi mbili.

"Unanyoosha nguo?"

"Mke wangu, umesahau lile tunda?"

Hakuwa amesahau. Mimba ya Pipi ilikataa kila kitu duniani, ikakataa na maji, mpaka siku mume aliporudi na tunda moja la mviringo, ganda lake la zambarau iliyokolea mpaka kukaribia weusi, ndani vipande vyeupe vimejipanga kama vitunguu saumu. Lile lilishuka kooni bila kubisha hodi. Mama Pipi alilila amesimama, akalamba na ganda, ganda likamkunja ulimi kutwa nzima, na bado alilia lilipokwisha. Tangu siku hiyo hakuliona tena, si sokoni, si kwa jirani.

"Aliyeniuzia anasema ukitunzwa vizuri unazaa baada ya miaka minane," mume akaendelea. "Kumi, ukiwa na kiburi."

"Kumi?" Sauti ilitoka nyuma ya cherehani. "Mpaka hapo mimi ndiye nitakuwa mbolea yake."

Huyo alikuwa mama wa dereva, mwenye nyumba, mwenye duka la ushonaji lililokuwa mbele ya nyumba, na mwenye neno la mwisho katika vyote viwili. Wateja walimwita Bi Mkasi. Wengine walidhani ni kwa sababu ya mkasi mweusi uliomning'inia shingoni kwa utepe. Waliowahi kuzungumza naye walijua ni kwa sababu nyingine.

Alikuwa na magonjwa mawili yasiyo na dawa. La kwanza, hakuweza kuona kitu kinaning'inia. Uzi ukichungulia chini ya gauni, chwa! Utepe wa begi la mteja, chwa! Siku moja aliinama kumpa jirani mkono wa pole msibani, akaona uzi kwenye kofia ya mfiwa, na watu wote waliokuwa wanalia wakausikia mkasi. La pili lilikuwa futi yake ya kupimia. Zamani, mwaka aliomzaa dereva, pasi ya makaa iliunguza inchi yote ya kwanza, futi ikabaki inaanzia kwenye moja. Kununua nyingine hakutaka. Alisema hii inamjua. Basi kila kipimo chake kilikuwa na kibwagizo: "Kifua thelathini na nane, toa moja, thelathini na saba. Kiuno thelathini na nne, toa moja, thelathini na tatu." Wapo wateja waliodhani wanapunguziwa kwa heshima, wakashukuru.

Pasi haikuja. Mama Pipi akabaki na mti.

Kwa wiki mbili za mwanzo aliununia. Wiki ya tatu akaanza kuuonea huruma, kwa sababu jua la uani lilikuwa linauchoma majani yake mawili mpaka yakawa na kingo za kahawia. Wakati huo Pipi alikuwa anatambaa, na Mama Pipi alikuwa amegundua kwamba ukishazoea kuhangaikia kiumbe kimoja kisichosema kinataka nini, cha pili hakikuongezei kazi sana. Akatafuta vijiti vinne vya mwavuli mbovu, akachukua mabaki ya bitana ya gauni la harusi, akashonea kopo paa jeupe lenye marinda pembeni. Marinda hayakuwa na lazima. Alijikuta tu ameyaweka.

Bi Mkasi alisimama mlangoni akatazama. Mti umekaa juu ya kreti tupu la soda, chini ya kivuli cha hariri, unamwagiliwa maji yaliyochemshwa yakapozwa.

"Haya," akasema. "Anakaa kivulini, anakunywa maji safi, na kazi yake hatuioni. Karibu nyumbani, Mheshimiwa."

Jina likakaa.

Na kweli Mheshimiwa hakuwa na haraka. Alitoa majani mawili, akalala miezi minne. Akatoa mengine mawili, akalala tena kana kwamba kazi ile imemuua. Pipi alisimama, akatembea, akajifunza kusema "sitaki," na Mheshimiwa alikuwa bado hajafika urefu wa chupa ya soda. Mama Pipi alikuwa akisoma masomo ya jioni katika shule ya msingi nyuma ya soko, akikaa kwenye dawati lililotengenezwa kwa ajili ya magoti ya watoto. Somo la mimea lilipofika, yeye peke yake ndiye aliyeuliza maswali. Mwalimu alimwambia miti ya namna ile hujishughulisha kwanza na chini. Hushusha mzizi mkuu mmoja mrefu, na juu huja baadaye.

"Kwa hiyo ana siri," alisema Bi Mkasi aliposimuliwa. "Kama Mheshimiwa yeyote. Shughuli zote ziko chini, juu anatuonyesha majani."

Ugomvi wenyewe ulianza siku Bi Mkasi alipokuwa akipekua daftari la vipimo vya wateja, akatafuta sketi ya mwalimu mkuu, akakuta ukurasa mzima wenye maandishi ya mkwewe. *Mheshimiwa. Kifua: hana. Kiuno: robo inchi. Urefu: inchi kumi. Siku ya kuchukua:* hapo palikuwa patupu.

"Yaani Mheshimiwa ana ukurasa?" Bi Mkasi akavua miwani. "Mwalimu mkuu ana nusu ukurasa, na nyonga zote zile!"

"Nilikuwa naweka kumbukumbu tu, mama."

"Kumbukumbu ya nini? Mteja gani huyu hajawahi kutoka na nguo? Sikiliza, mwanangu. Kile kipande cha uani nakitaka. Nataka kujenga chumba cha wateja kujipimia."

Mama Pipi aligeukia mlango wa uani. Kipande hicho, hatua nne kwa tatu kati ya choo na ukuta wa jirani, ndicho alichokuwa amekipigia hesabu kimyakimya. Mheshimiwa hawezi kuzeekea kwenye kopo. Mzizi wake utafika chini, utajikunja, utajinyonga. Ardhi nyingine hawakuwa nayo. Na katika nyumba ile, ambamo kila msumari ulikuwa umegongwa na mtu kabla yake, hapakuwa na kitu ambacho Mama Pipi angekinyooshea kidole aseme hiki nimekianzisha mimi. Ukiacha Pipi, na hata Pipi alikuwa na pua ya Bi Mkasi.

"Si kuna pazia la kujipimia?"

"Pazia! Umesahau mwezi uliopita?"

Hakuna aliyesahau. Pazia lilianguka pamoja na fimbo yake, mwalimu mkuu wa shule nzima akabaki na gagulo mbele ya barabara, na wanafunzi wake wawili waliokuwa wanapita wakamwamkia kwa adabu.

"Mama, niachie ile sehemu," Mama Pipi akasema. Hakujua kama angeweza kusema. "Nataka kumpanda pale."

Bi Mkasi akavaa tena miwani. Halafu akafanya alichokifanya kila mara moyo wake ukitaka kulainika, akageuza jambo kuwa mashindano.

"Kombo anamjengea jirani ukuta. Akimaliza, anakuja kwangu. Siku hiyo tutampima Mheshimiwa. Akifika inchi kumi na mbili, ardhi yake. Akipungua hata unywele, nachimba msingi, na yeye atafute kopo kubwa."

Fundi Kombo alikuwa mwashi. Jina hilo hakupewa na wazazi. Alipewa na kuta zake.

Inchi mbili. Kwa Mheshimiwa inchi mbili ni safari ya miezi sita, lakini Kombo naye alikuwa mzito wa kumaliza kazi, na ukuta wa jirani ulishaanguka mara moja. Mama Pipi akaanza kuwa na matumaini. Aliongeza mbolea ya majani yaliyooza, akapangusa kila jani kwa kitambaa chenye maji. Pipi alikatazwa kumnywesha chai. Mwezi wa tatu Mheshimiwa akatoa ncha nyekundu juu kabisa, nyembamba kama sindano. Inchi kumi na nusu. Siku hiyo Mama Pipi aliimba akitia vifungo.

Wiki moja baadaye, majani yalilegea.

Yalilegea yote, kama kola iliyosahauliwa kutiwa gamu ya kuikaza. Ile ncha nyekundu ikasimama palepale. Mama Pipi alikagua wadudu, hakuna. Alinusa udongo kama una sabuni, hauna. Alimhoji Pipi kuhusu chai, Pipi akaapa kwa jina la bibi yake. Alimhoji na paka wa jirani, kwa macho tu.

Asubuhi wakiwa mezani alifungua daftari lake la masomo ya jioni, akasoma kwa sauti, labda pana kitu kilimpita. "Miche ya namna hii haipendi kuguswa mizizi. Mzizi mkuu ukikatika, mche hunyauka, na mara nyingi hufa."

Bi Mkasi alipaliwa na chai. Alikohoa mpaka Pipi akampiga mgongoni kwa ngumi zote mbili.

"Mzizi mkuu huo," alisema alipopata pumzi, "unafananaje?"

"Mrefu, wa kahawia. Kama uzi mnene. Kwa nini?"

"Basi tu. Elimu haina mwisho."

Tangu asubuhi hiyo Bi Mkasi akawa mtu mwingine. Mama Pipi alimkuta uani amemfunika Mheshimiwa kwa mfuko wa nailoni, eti vumbi. Kesho yake alimkuta amechutama mbele ya kopo, anazungumza. "Acha utoto," alikuwa anasema. "Mimi nimefanyiwa operesheni mbili na bado nasimama." Alipomwona mkwewe akainuka haraka, akajidai anatafuta kifungo.

Siri ilifumuka kwa sababu ya sindano. Kimto cha kuchomekea sindano kilikuwa kimebonyea, na Mama Pipi akaenda kukijaza upya kwa nyuzi zile Bi Mkasi alizokata maisha yake yote, ambazo hazikutupwa bali zilihifadhiwa kwenye mkebe wa biskuti. Alichota konzi ya rangi zote. Katikati yake kulikuwa na kitu cha kahawia, kigumu, urefu wa kidole, kimekauka kama mkia wa panya.

Akaenda nacho kwenye cherehani.

"Mama, hiki nini?"

"Uzi."

"Uzi gani una vinyweleo?"

"Sufu."

"Mama."

Cherehani ikanyamaza. Bi Mkasi akakaza macho kwenye sindano, halafu kwenye dari, halafu hapakuwa na pengine pa kutazama.

"Ulikuwa unaning'inia!" akafoka, kana kwamba yeye ndiye aliyekosewa. "Nilikuwa nafagia uani, naona chini ya kreti kitu kimetoka kwenye tundu la kopo, kinaning'inia pale bila aibu. Miaka thelathini na mitano kitu kikining'inia mbele yangu nakata! Mkono haukuniuliza!"

"Kwa hiyo kosa ni la mti."

"Sijasema kosa. Nasema ulining'inia."

Mama Pipi alitaka kupiga kelele. Maneno aliyokuwa nayo yalitosha kufumua nyumba nzima mshono kwa mshono. Lakini aliona kitu ambacho hakuwa amekiona miaka yote minne aliyoishi katika nyumba ile: Bi Mkasi alikuwa ameshika mkasi wake kwa mikono miwili, kama mtu anayemzuia mbwa.

"Basi niongezee miezi miwili," akasema badala yake.

"Neno nililolisema nimelisema. Kombo nimeshampa siku. Nitaonekanaje?" Kisha kwa sauti ndogo, "Atakufa?"

"Sijui."

Walimlea pamoja bila kukubaliana. Asubuhi Mama Pipi alimwagilia, mchana Bi Mkasi alisogeza kreti kufuata kivuli, akilalamika kiuno kinamuuma na huyu hata asante hasemi. Mfuko wa nailoni ulikaa juu kutunza unyevu. Mmoja baada ya mwingine walichungulia, na kila mmoja alidhani mwenziwe haoni. Jani moja la chini likageuka njano, likaanguka. Bi Mkasi aliliokota, akalitia mfukoni mwa aproni kama stakabadhi.

Wiki ya saba, majani yakainuka. Si kwa mbwembwe, kidogo tu, kama mtu anayekaa sawa akisikia mgeni anakuja. Ile ncha nyekundu ikafunguka majani mawili mapya, laini, ya rangi ya shaba. Pipi aliyaona kwanza akapiga yowe, na Mama Pipi akakimbia na sindano mdomoni.

Lakini Kombo naye alikuwa amemaliza ukuta.

Alikuja Jumamosi na beleshi, kamba, na kile kipimo chake cha maji ambacho hakuna aliyewahi kumwona akikitazama. Mwalimu mkuu naye alikuwepo, amefuata sketi, na aliposikia kinachopimwa ni chumba cha kujipimia hakutaka kuondoka. "Mimi nina haki ya kushuhudia," alisema, na kwa kuwa mtaa mzima ulishashuhudia gagulo lake, hakuna aliyembishia.

Mama Pipi alikuwa amejua tangu alfajiri. Alishapima mwenyewe kwa futi yake mpya, mara tano, mara mbili akiwa amepiga magoti. Inchi kumi na moja. Kumi na moja kavu, hata ukimvuta. Alisimama kando amembeba Pipi, ingawa Pipi alikuwa mzito siku hizi, kwa sababu mikono yake ilihitaji kushika kitu.

"Chukua yangu, mama," akasema, akatoa futi mfukoni. Kama ni kushindwa, ashindwe kwa haki.

"Weka hiyo," Bi Mkasi akasema. "Kwangu watu wanapimwa kwa futi yangu."

Akaivua shingoni ile futi yake ya zamani, iliyounguzwa kichwa. Akachutama, magoti yakalia. Akaweka mwanzo wa futi kwenye udongo, akaunyoosha mkono taratibu mpaka kwenye ncha ya jani la shaba, akaweka kidole.

"Kumi na mbili," akasema.

Mama Pipi alisubiri. Pipi alisubiri, maana hata yeye alikuwa ameshakijua kibwagizo. Mwalimu mkuu, aliyepunguzwa inchi moja moja kila sehemu ya mwili kwa miaka kumi na mitano, aliinua nyusi akasubiri. Bi Mkasi akasimama, akaikunja futi polepole, akaitia mfukoni, akafunga kifungo cha mfuko.

"Bi Mkasi," Fundi Kombo akasema, "na ile 'toa moja' yako?"

Bi Mkasi akamgeukia.

"Kombo. Ule ukuta wa jirani uliangukia upande gani?"

"Wa... wa kwao."

"Na ulipima kwa kitu gani?"

Kombo akatazama beleshi lake.

"Basi usinifundishe kupima. Chimba shimo hapa katikati. La mti, si la msingi. Na lisiende upande."

"Na mimi nitajipimia wapi?" mwalimu mkuu akauliza.

"Nitakushonea pazia la kitambaa cha turubai, mwalimu, na fimbo mbili. Hata lori la mwanangu likiligonga halitoki. Na wewe ukinibana sana, nitakwambia kiuno chako halisi hapahapa mbele ya fundi."

Mwalimu mkuu akagundua ana haraka.

Shimo likaenda upande kidogo, lakini lilikuwa shimo. Ikabaki kazi ya kumtoa Mheshimiwa kwenye kopo bila kumgusa mizizi. Mama Pipi alikuwa amesoma jinsi ya kufanya, kopo linakatwa kuanzia juu mpaka chini na kufunuliwa kama gauni lenye zipu ya nyuma.  Akamtua Pipi.

"Mama," akasema, "kata wewe."

"Mimi?" Bi Mkasi akarudi nyuma hatua moja. "Mimi niliye..."

"Wewe. Una mkono."

Bi Mkasi akachukua mkasi wa bati wa Kombo. Akakata kama anayekata hariri ya mwisho duniani, kidogo, anapumzika, kidogo tena, ulimi umetoka pembeni mwa mdomo. Kopo likafunguka. Udongo ukasimama wenyewe, umeshikana. Na chini, pale ulipokatwa ule mmoja, ilikuwa imechipuka mitatu, myeupe, mipya, imeshika njia tatu.

Wakainama wote watatu. Hata Kombo akainama.

Bi Mkasi alikuwa wa kwanza kupata sauti, na sauti aliyoipata ilikuwa ileile ya siku zote.

"Mnaona? Nilimpunguza pindo. Amekaa vizuri zaidi."

Mama Pipi alicheka mpaka akakaa chini kwenye udongo, na Pipi akaja kukaa juu yake, akicheka kwa kuwa mama anacheka. Walimshusha Mheshimiwa, wakamfukia, wakamrudishia paa lake la bitana lenye marinda. Kisha Mama Pipi akaenda dukani na mikono michafu, akafungua daftari la vipimo. Kwenye urefu akaandika *kumi na mbili*, kwa wino. Kwenye *siku ya kuchukua*, palipokuwa patupu muda wote, akafikiri kidogo, akaandika *baada ya miaka minane*.

Kivuli kikaanguka juu ya ukurasa. Bi Mkasi alikuwa amevaa miwani, anasoma juu ya bega lake.

"Minane?"

"Ndivyo alivyosema muuzaji, mama. Ikienda vizuri."

Bi Mkasi akaona uzi umechomoza kwenye mkono wa gauni la mkwewe. Mkasi ukainuka, ukasita hewani. Akautazama ule uzi pande zote mbili kwanza, akahakikisha ni uzi, ndipo akaukata.

"Toa moja," akasema, akarudi kwenye cherehani.